Mama Mkwe Chumbani mwa Marubani

Kapteni hakuwa mvunja sheria. Lakini siku ile mama mkwe wake alikuwa abiria, na kwa miaka yote mama huyo alikuwa akiwaambia watu kwamba bintiye ameolewa na dereva tu, ila wa angani. Kapteni akataka aonekane kazini. Walipokuwa juu ya mawingu akampigia simu mkuu wa wahudumu, amlete mama mbele.

Mhudumu alimkumbusha kwa adabu kwamba ndege ikisharuka, mlango wa chumba cha marubani haufunguliwi abiria. Kapteni akamjibu kwamba mwenye ndege ni yeye.

Mama alisimama mle dakika tano, mkono kifuani, akauliza mbona usukani hauonekani. Wakacheka. Rubani msaidizi akajitia hamnazo.

Abiria wa kiti cha mbele aliyeona yote akaandikia kampuni.

Kwenye kikao, Kapteni alipoulizwa nani aliruhusu, alikusudia kusema kweli. Akajisikia akisema kwamba mhudumu ndiye aliyemleta mama bila kuulizwa, naye akaona haya kumfukuza mkwewe. Rubani msaidizi akasema hakusikia simu yoyote. Mhudumu alikana, lakini alikuwa peke yake. Akasimamishwa kazi.

Habari zilimfikia mama mkwe kupitia kwa bintiye. Alikuja Jumapili, akamtuma binti jikoni, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, yule dada aliniinamia akaniambia, 'Kapteni anakuita, mama.' Sasa mbona umemsingizia?"

Kapteni alitazama zulia. Angefokewa angepata la kujibu. Mama hakufoka, alikaa tu na mkoba wake mapajani, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake, na chai ilipoletwa hakuigusa.

Kesho yake asubuhi Kapteni alirudi ofisini, akaeleza yote mwanzo hadi mwisho. Wakamvua ukapteni mwaka mzima, rubani msaidizi akapewa onyo kali, mhudumu akarudishwa kazini.

Safari yao ya kwanza pamoja, kabla abiria hawajapanda, Kapteni alimfuata mhudumu alipokuwa akipanga vikombe, akamwomba radhi.

Mhudumu alimsikiliza hadi mwisho.

"Nimekusikia," akasema. "Kahawa yako unakunywa na maziwa?"

Miaka tisa alikuwa akimletea kahawa isiyo na maziwa, bila kuuliza.

"Bila," akajibu, akarudi kukaa kwenye kiti cha msaidizi.