Karakoz Kwenye Jua la Saa Sita

Jua la mwezi Machi juu ya theluji ni adui wa mpiga picha, na Saadat alikuwa amepigana nalo mpaka akalichukia. Kila msimu alipopanda basi kutoka Bishkek kwenda kwa wazazi wake, alipiga picha za tai wa baba yake, na kila msimu zilitoka vilevile: theluji nyeupe pe, haina hata alama ya unyayo, na katikati yake kitu cheusi ti kisicho na jicho wala unyoya. Akipunguza weupe wa theluji kwenye kompyuta, tai anazama gizani. Akimwangaza tai, manyoya yanajaa chengachenga, na ndege anafanana na wale waliojazwa pamba wanaowekwa kwenye mapokezi ya hoteli. Mjini Saadat aliishi kwa kupiga picha za harusi, na watu walimsifu. Tai mmoja tu alikuwa amemshinda.

Jina la tai huyo lilikuwa Karakoz, yaani Jicho Jeusi, na hilo jicho lenyewe halikuwahi kuonekana pichani.

Sasa nafasi ilikuwa imebaki moja. Mzee Ormon, baba yake, alikuwa amewinda na Karakoz tangu alipomtoa kiotoni, na mwaka huu ilikuwa zamu ya kumwachia arudi milimani, akapate dume na kuzaa, kama wawinda tai wote wanavyofanya. Kifua cha mzee kilikuwa kibovu na tai mwingine hangemfuga tena. Alimwomba binti yake kitu kimoja: picha ya Karakoz ambayo macho yanaonekana.

"Basi tumwachie asubuhi, baba," Saadat alisema wakiwa mezani wanakunywa chai. "Jua likiwa chini mwanga unakuwa laini, unamwingia mpaka machoni."

"Asubuhi hewa imelala," mzee akajibu. "Ataruka mpaka kwenye paa la zizi, akae pale akisubiri kulishwa. Saa sita mlima unapata joto, hewa inapanda, inambeba yenyewe. Akishafika juu atatusahau."

"Na jioni?"

"Jioni atarudi kwetu kulala. Wewe umekulia nyumba gani?"

Mama yake, Buruul, alikuwa anakaanga maandazi ya boorsok jikoni na masikio yote yako mezani. "Mwanangu, huyo si bibi harusi umwambie inua kidevu kidogo."

"Bibi harusi naye hasikii, mama. Angalau yeye hali kondoo mzima."

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika, lakini saa haikubadilika. Saadat alikwenda kufuta lenzi huku anasonya.

Siku ya pili walipanda mlimani na Karakoz na kondoo mmoja. Mzee alimchinja, akamlisha Karakoz mpaka koo likavimba. Akamvua kofia ya ngozi inayoziba macho. Akakata kamba za miguuni kwa kisu, polepole. Kisha akamgeukia binti yake aliyekuwa amejilaza nyuma ya jiwe, amevaa koti kuukuu la mzee la ngozi ya kondoo kwa ajili ya baridi.

"Usisimame. Usimwite. Mimi nateremka bondeni na sigeuki nyuma."

Hakuongeza kitu. Mtoto wa mwinda tai utamfundisha nini zaidi?

Karakoz alibaki juu ya mzoga, ameshiba, anaangalia huku na huko. Saadat alitazama kwenye kamera. Jua lilikuwa linapiga moja kwa moja kwenye kioo cha lenzi, na picha yote ilikuwa imefunikwa na ukungu kama maziwa. Kile kikinga jua cha lenzi alikuwa amekisahau kwenye basi, mjinga yeye. Akasogea kulia, ukungu uleule. Akasogea kushoto, jiwe likamziba. Mara Karakoz akafungua mbawa, akaipima hewa. Alikuwa anaondoka, na Saadat hana hata picha moja ya kumwonyesha mzee.

Akainua mkono wake wa kushoto kuziba jua.

Ukungu ukaondoka. Akamwona Karakoz vizuri kuliko siku zote, kila unyoya na rangi yake, na akabonyeza. Tai alikuwa anakuja. Aliruka chini chini juu ya theluji, mwanga wa theluji unampiga kifuani na usoni kutokea chini, na macho yake yanawaka, yamemkazia Saadat. Saadat akaendelea kubonyeza huku mkono uko juu. Aliposhtuka, kucha zilikuwa zimeshapenya mkono wa koti.

Mkono ulioinuliwa. Tangu utotoni, Karakoz aliitwa hivyo na kulishwa hivyo.

Mzee alisikia kelele, akapanda tena akikohoa. Alimkuta tai ametulia juu ya mkono wa binti yake, amekunja mbawa, kama mtu aliyefika nyumbani.

"Nani kamwita?"

"Sikumwita, baba. Nilikuwa naziba jua."

Mzee aliutazama ule mkono. "Unainua mkono mbele ya tai," alisema. "Wewe. Mwanangu wa kumzaa."

"Nimekosa, baba. Tumrudishe nyumbani, tujaribu wiki ijayo."

"Akirudi leo atarudi kila siku. Atakufa kwenye paa la zizi." Akamchukua tai. "Kaa hapo hapo. Na hiyo kamera iweke chini."

Alimpeleka ukingoni na kumrusha. Karakoz akazunguka mara moja, akageuka kumrudia. Mzee akainama, akaokota theluji iliyoganda na kumtupia. Mwanzoni tai alikwepa tu, akaendelea kuja. Mzee akatupa tena na tena, akimtukana kwa matusi ambayo hata mbwa hakuwahi kumtukana, machozi yanamtiririka na kikohozi kinamkata maneno. Bonge moja likampiga Karakoz kifuani. Hapo akainuka, hewa ya moto ikampokea, akapanda mpaka hakuonekana tena. Saadat alilia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata alikaa mezani kuishughulikia picha kwenye kompyuta. Ilihitaji kazi ndogo sana: alishusha weupe wa theluji kidogo, basi. Ndiyo picha aliyoitafuta miaka yote, na hakuweza kuifurahia. Kwenye kona ya juu kulikuwa na doa jeusi lenye ukungu, vidole vyake. Alikuwa ameshaanza kulifuta mzee alipokuja kusimama nyuma yake.

Aliitazama muda mrefu. "Ndiye," alisema. "Hilo nini pale juu?"

"Mkono wangu, baba. Umeharibu picha. Nauondoa sasa hivi, hutajua kama ulikuwepo."

Mzee akamshika bega.

"Uache. Ukiuondoa, atakuwa anamjia nani?"