Sampo ya Ngolo

Pankras, fundi magari wa Mbinga, alikuwa na gari la dizeli lililowahi kumshusha mama mkwe njiani. Ukitaka kumuudhi mpaka leo, mtajie hilo, halafu ukimbie. Ilikuwa miaka mitatu nyuma, siku ya ubatizo wa binti yake Benadetha. Alikwenda kumchukua Mama Walburga kijijini kwake, mbele kidogo ya Mbamba Bay, na katikati ya mlima gari likaanza kunuka oili iliyoungua, likagoma. Mama wa watu akashuka na kikapu chake cha dagaa, akapanda kona mbili kwa miguu, mpaka lori la mahindi lilipomhurumia. Alipofika kanisani mtoto alikuwa ameshabatizwa na kichwa kimeshakauka.

Hakulalamika, na hapo ndipo ubaya ulipo. Ila tangu siku ile hakumwita tena Pankras mkwe wala baba. Akimpigia simu binti yake, Emiliana, aliuliza tu, dereva hajambo? Jamani, kuna tusi zaidi ya hilo? Mwanaume ametoa mahari, amezaa, amepaka rangi nyumba, halafu anaitwa dereva. Lilimuuma Pankras kwelikweli.

Mwaka huu Sista Hedwiga, dada yake Emiliana, akatimiza miaka ishirini na tano ya nadhiri. Misa ya jubilei ilipangwa Jumamosi saa nne asubuhi, Mbinga mjini. Baba yao alishafariki, kwa hiyo wa kubeba mshumaa wa jubilei ni mama, atembee nao kando ya binti yake mpaka altareni. Akichelewa, maandamano hayamngoji. Mshumaa hupewa mwingine. Emiliana alimshauri mumewe kwa upole kwamba wakodi gari la watu. Pankras akakataa. Akasema atamleta mwenyewe kwa gari lile lile, na mama hatashuka mpaka mlangoni pa kanisa. Na aliyasema hayo simu ikiwa wazi, mama mwenyewe anasikia. Ulimi uliponza kichwa.

Ugonjwa wa gari aliujua. Injini haikuwa na neno. Shida ni gia boksi, maana lilikuwa la otomatiki, na kwenye mlima mrefu oili yake ilichemka. Chini ya gia boksi kuna bakuli la kukusanya oili, mafundi wanaliita sampo, na la gari lile lilikuwa la bati jembamba, fupi, laini chini kama sahani. Oili kidogo, na joto halina pa kutokea. Pankras alikuwa ameona kwenye simu sampo za wenzetu: za alumini nene, zenye kina, zenye matuta chini yanayopunga upepo. Kuagiza kungechukua miezi. Lakini Mbinga hiyo hiyo kuna Ignatio, anayeyeyusha pistoni kuukuu na sufuria zilizotoboka, akatengeneza sufuria mpya za kupikia ugali wa harusi. Anayeweza sufuria atashindwaje sampo?

Pankras akampelekea ile ya zamani iwe mfano, akamweleza aongeze kina na aweke matuta chini. Kosa lake lilikuwa hilo, kusema matuta tu na kunyamaza. Ukimwambia Mmatengo aweke matuta, ataweka yale aliyolima na mama yake. Ignatio alichora kwenye mchanga wa kusubia matuta ya kwenda na ya kukatiza, yakaacha vishimo vya mraba, safu kwa safu, kama ngolo, yale mashamba ya vishimo ya Wamatengo, kwenye mteremko wa kijiji chao cha Ruanda. Kazi ilitoka nzuri, acha kabisa. Pankras naye ni Mmatengo. Alipoiona alicheka kwa furaha, akaisugua ukingo kwa msasa juu ya kioo mpaka ikakaa sawa, akaifunga na gasketi mpya, akajaza oili lita mbili zaidi ya zamani.

Kipimo chake cha joto kilikuwa kiganja na sala. Aliweka mkono kwenye sampo akaanza Salamu Maria. Ile ya bati, baada ya mlima, hakuwahi kuvuka "umejaa neema". Alhamisi aliteremka na sampo mpya mpaka nusu ya mlima, lami kavu, akapanda tena, akaingia chini ya gari, akafika "utuombee sisi wakosefu" ndipo akatoa mkono. Akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Usiku wa kuamkia Jumamosi mvua ikanyesha huko ziwani. Alfajiri Pankras alifika kijijini, gari limepita kilomita nzima ya udongo mwekundu uliolowa. Mama Walburga alikuwa tayari, kitenge kipya, kikapu mkononi. Pankras akampa Shikamoo, mama akaitika Marahaba, dereva, akapanda. Wakayapita tena yale matope, wakaikamata lami, wakaanza mlima. Gari lilipanda vizuri, na Pankras akaanza kujisikia mtu. Kona ya tano, harufu ikaja.

Aliijua ile harufu. Mama alifunga kikapu chake vizuri, kama mtu anayejiandaa kushuka. Saa ya gari ilisema saa mbili na robo.

Pankras akaegesha, akaingia chini, akaweka kiganja. Alitoa mkono kabla ya kumaliza "Salamu". Akamulika kwa simu. Vile vishimo vyote, safu kwa safu, vilikuwa vimejaa udongo, umekauka na kugandamana. Sampo ilikuwa imevikwa blanketi. Akalala pale chali akitazama, aibu imemjaa. Ngolo zilikuwa zimefanya kazi yake: babu zake walizichimba ili mvua isichukue udongo, na hazikuacha hata chembe.

Alisikia mlango ukifunguliwa. Mama mkwe alikuwa ameshuka, ameinama, mkono kiunoni, anatazama chini ya gari. Pankras alitaka kutoka haraka, maana si adabu kulala miguuni pa mkwe, lakini mama alimwashiria abaki. Akauliza vile vishimo ni vya nini. Pankras akaeleza yote, mpaka ngolo za Ruanda. Mama Walburga alizaliwa ziwani, mume wake alichonga mitumbwi maisha yake yote.

"Dereva," akasema, "shamba linakaa. Gari linakwenda. Umeona wapi mtumbwi wenye mashimo tumboni? Acha matuta yanayokwenda na safari, yanayokatiza yatoe."

Pankras alisikia moyo ukitulia. Neno lilikuwa dogo, na lilikuwa kweli. Akachukua patasi na nyundo. Alumini ni laini, lakini pigo moja baya lingepasua sampo, na hapo ndiyo mwisho wa safari. Akapiga kidogo kidogo, tuta moja la kukatiza baada ya jingine, udongo ukimwangukia usoni, huku mama amekaa juu ya tairi la akiba akisali rozari kwa sauti ili yeye apate mwendo wa kupiga. Makumi matatu ya rozari yalipoisha, matuta yalikuwa ya kwenda upande mmoja tu. Hayakuwa mazuri tena. Ignatio angelia.

Wakapanda. Harufu haikurudi. Gari lilisimama mlangoni pa kanisa saa nne kasoro dakika nane, Sista Hedwiga amesimama nje anatazama barabara, na mama akashuka hapo hapo alipoahidiwa.

Pankras hakuweza kuingia na lile tope usoni. Akajipenyeza chini ya gari, akaweka kiganja, akasali. Kwaya ilianza wimbo wa kuingia akiwa kwenye "sasa na saa ya kufa kwetu". Akasema Amina, mkono bado upo. Akacheka peke yake huko chini.

Baada ya Misa akinamama walimzunguka Mama Walburga wakimuuliza amefikaje mapema na mvua ile. Pankras alikuwa karibu, akajifanya anakagua tairi. Mama alimtafuta kwa macho mpaka akamwona.

"Nimeletwa na mkwe wangu," akasema. "Yule pale, mwenye tope."