Jiwe la Bakhtawar na Utepe Mweusi

Jumanne saa nne asubuhi Bakhtawar alikuwa amekwisha kubandika mikate saba kwenye ukuta wa tanuri. Alipokuwa akiunyoosha wa nane kiganjani, utepe mweusi ukamkalia usoni. Ulikuwa na urefu wa shubiri na upana wa vidole viwili. Ulimfunika macho yote mawili, tena ulikaa upogo kuelekea sikio la kushoto, kama kitu kilichowekwa na mtu mwenye haraka ya kwenda kula. Bakhtawar aliendelea kuona vizuri. Aliubandika mkate wa nane, akafuta mkono kwenye mtandio, akajigusa machoni. Vidole vilikuta ngozi tu.

"Mama, una kitu cheusi usoni," alisema Kaneez, mkaza mwanawe, aliyekuwa akikanda unga.

"Masizi?"

"Hapana. Masizi hayana pembe nne."

"Basi angalia ule mkate wa pembeni, usiungue."

Wanawake wa mtaa, waliokuja na mabeseni yao ya unga, waliutazama utepe, kisha wakasogeza foleni. Jirani yao Shamshad, ambaye mdomo wake hauna likizo, ndiye aliyetambua ulikotoka. Alitoa simu akaonyesha picha aliyotumiwa asubuhi ile na mpwa wake anayesomea ukunga. Ulikuwa ukurasa wa jarida la kitabibu. Mwanamke amekaa kwenye kiti, nywele wazi, shingo wazi, mdomo umeachama, na chini ya taya ana uvimbe. Machoni amewekewa utepe mweusi, upogo kuelekea sikio la kushoto.

"Wameandika hapa kwamba utepe ni wa kumsitiri mgonjwa asijulikane," alisema Shamshad. "Mimi nimekujua kwa kipini. Huyu hapa nyuma yangu kakujua kwa pengo. Na muuza maziwa naye kakujua, sijui kwa lipi, na sitaki kujua."

Kwa miaka thelathini na minne Bakhtawar hakuwahi kutoka mlangoni bila nikabu. Watu wa Kot Mirwali waliyajua macho yake, basi. Sasa jarida lilikuwa limeonyesha vyote ila macho.

Uvimbe ulikuwa umeanza kabla ya mavuno ya ngano. Ulipanda kila alipokula, ukauma kama jino, ukashuka nusu. Mwanawe Wasaya, fundi cherehani, alimpeleka hospitali kuu ambako madaktari hufundishwa. Huko walikuta jiwe kwenye tezi la mate. Mawe ya namna hiyo huwa kama punje ya mchele. Hili lilikuwa kama kokwa la embe. Profesa Langah, mkuu wa upasuaji, alipoiona picha ya eksirei alisimama, akavaa koti, akaita wenzake. Walikuja madaktari kumi na mmoja. Daktari kijana aitwaye Rafia alitumwa kupiga picha, na kabla ya hapo alimletea Bakhtawar karatasi na kidau cha wino.

"Ni ya damu, mama. Weka dole hapa."

Bakhtawar aliweka dole. Damu ilitolewa, picha ikapigwa. Jiwe lilibaki.

Basi Jumatano alivaa nikabu juu ya utepe, akawa hana kilichobaki nje, akapanda rikisha na Wasaya kurudi hospitali. Alitaka mambo mawili: jiwe litoke, na utepe utoke. Mlangoni askari hakumuuliza lolote. Alimwelekeza tu kwenye baraza ya wale walioandikwa majaridani.

Baraza ilikuwa imejaa. Palikuwa na mwashi mwenye mshale mweupe ulioelea karibu na kitovu chake, ukielekeza mahali alipopasuliwa. Alipogeuka, nao uligeuka, na waliokaa upande ule waliinamisha vichwa ili usiwachome. Mwanamke mmoja alikuwa na rula ya sentimita kando ya kidonda cha mguu, na kila aliyepita aliisoma bila kukusudia. Pembeni ya dirisha la karani alikaa mzee aitwaye Ghaus Bakhsh. Ripoti yake ilikuwa imeandika kwamba baada ya upasuaji mgonjwa hakuonekana tena. Tangu majira ya baridi alikuja kila wiki, na kila wiki karani alipomtazama aliona kiti kitupu.

"Wewe unaniona, dada?" aliuliza Ghaus Bakhsh.

"Nakuona, kaka."

"Basi nitazamie mgongoni. Mkono haufiki. Kidonda kinavuja?"

Bakhtawar aliinua kanzu kidogo. "Kinavuja."

"Nilijua tu," alisema mzee, akaridhika kwamba angalau alikuwa sahihi.

Waliingizwa saa sita. Profesa Langah alikuwa amekaa kati ya mabingwa watano, kila mmoja na kiungo chake. Alimpokea Bakhtawar kwa bashasha, kama mtu anayempokea ng'ombe aliyeshinda maonyesho.

"Mama yetu! Ripoti yako imesomwa mpaka ng'ambo."

"Na mtaani pia imesomwa, Profesa. Mpaka na muuza maziwa."

"Lakini tumekusitiri, mama. Tumekuheshimu. Tumekufunika macho."

"Macho ndiyo niliyokuwa nayaonyesha," alisema Bakhtawar.

Profesa alicheka kidogo, akawageukia mabingwa. Wa ngozi alikwangua utepe kwa ukucha, akasema si ngozi. Wa macho alimsomesha herufi za ukutani hadi mstari wa mwisho, akasema macho ni mazima na kwa hiyo kazi si yake. Wa mishipa ya fahamu alimgonga goti kwa nyundo, goti likaruka, akafurahi. Eksirei ilipotoka, utepe ulionekana mweupe, na chini yake palikuwa na maandishi madogo: Picha ya 2. Bingwa wa akili alimuuliza kama anauona utepe huo.

"Siuoni. Nyinyi ndio mnaouona."

Akaandika kwamba mgonjwa hajaikubali hali yake.

"Sawa, utepe tuuache," alisema Bakhtawar. "Jiwe je? Silali upande mmoja. Chakula nakimeza kama paka."

Profesa aliinua picha kwenye mwanga. "Lina milimita sitini na tisa. Kuna wenzetu wa nchi moja wameandika la sabini na mbili. Tusubiri hadi baada ya Idi, mama."

"Tusubiri nini?"

"Likomae."

"Kwani ni tikiti?"

Bingwa wa macho alikohoa. Rafia, aliyesimama mlangoni na faili, aliangalia viatu vyake. Wasaya alitaka kusema neno, lakini mama yake alimshika mkono wa shati, kwa sababu alimjua mwanawe: neno lake la kwanza huwa ni ngumi. Walirudi nyumbani.

Kwa siku nane Bakhtawar alisubiri. Hakuwa akiusubiri ukomavu wa jiwe, bali maumivu yachoke. Siku ya tisa, adhuhuri, Kaneez alifungua mtungi wa achari ya limau, na harufu yake peke yake ikajaza mate kinywani mwa Bakhtawar. Taya lilimkaza hadi machozi yakatiririka chini ya utepe. Alishika ukingo wa kitanda cha kamba, akaguna mara tatu kama anayezaa, na jiwe likatoka, likadondoka kwenye sahani.

Wote watatu walilitazama. Wasaya alichukua utepe wake wa kupimia nguo.

"Sabini na moja."

"Nipe mkate," alisema Bakhtawar, akala kwa upande aliokuwa hajautumia tangu kabla ya mavuno ya ngano.

Habari ilifika hospitali siku ileile. Inasemekana Profesa Langah aliahirisha somo la alasiri, akafunga mlango, na waliokuwa ukumbini walimsikia akisema, "Milimita moja! Watu hawa hawana subira hata ya milimita moja!" Alipotoka alikuwa ametulia, kwa kuwa alikuwa amekumbuka utepe. Mawe yameandikwa na wengi. Utepe haujaandikwa na mtu.

Alitumwa Rafia. Alikuja na gari la hospitali, akavua viatu mlangoni, akanywa chai, akasifu mikate. Kisha akatoa karatasi na kidau cha wino.

"Isome kwanza," alisema Bakhtawar. "Yote, kwa sauti, mpaka na nukta."

Rafia alisoma. Karatasi ilisema kwamba mgonjwa ameelezwa, ameelewa, na anaridhia uso wake upigwe picha na kuchapishwa kwa faida ya elimu.

"Ile ya kwanza nayo ilisema hivyo?"

"Ilisema hivyo, mama."

"Nawe ukaniambia ni ya damu."

"Niliambiwa nikuambie."

Kaneez aliacha kukanda. Bakhtawar alikunja mikono chini ya mtandio.

"Jiwe chukueni, mlilipenda kuliko mimi. Dole sitii."

"Mama, jina langu lisipotoka kwenye ripoti safari hii mkataba wangu unaisha. Baba yangu mgonjwa, nyumba nzima inanitazama mimi."

"Pole, mwanangu. Nami mtaa mzima umenitazama."

Rafia alikunja karatasi. Alikuwa na umri wa Kaneez, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Nitawaambia umekataa," alisema, na kweli aliwaambia. Aliingia kwa Profesa, akasema waziwazi mbele ya watu wanne kwamba mgonjwa amekataa.

"Vizuri," alisema Profesa. "Andika: ridhaa ya mgonjwa imepatikana."

Rafia aliandika.

Ripoti ya pili ilitoka baada ya Idi, ikiwa na waandishi kumi na sita. Rafia alikuwa wa kumi na nne. Ilieleza kwamba jiwe lilitolewa kwa mafanikio na jopo la madaktari, na kwamba baadaye mgonjwa alipatwa na kitu cheusi chenye pembe nne, cha kwanza duniani. Kwa kuwa kamati ya maadili haikubali uso wa mgonjwa utokee bila kufichwa macho, waliweka utepe juu ya utepe. Mara hii uliwekwa na mtu makini. Kaneez, aliyekuwa akimtazama mkwewe akiwasha tanuri asubuhi ile, aliona utepe ukinyooka wenyewe na kukaa sawasawa, akakiri kwamba sasa unampendeza zaidi.

Kisha akaona dole gumba. Lilikuwa la bluu tangu ncha hadi kwenye kifundo, na wino ulikuwa bado mbichi.

"Mama, umetia dole wapi?"

Bakhtawar aliligeuza dole upande huu na huu. "Sijatia popote."

"Basi wamekutilia."

Waliliosha kwa sabuni, kwa majivu, kwa mafuta ya taa. Wino haukutoka, wala haukukauka. Foleni ilikuwa imeshafika uani, na unga haungoji. Bakhtawar alianza kubandika. Kila mkate ulitoka tanurini na alama ya dole katikati, mistari yote inasomeka. Wanawake waliichungulia, wakainusa, wakafunga kwenye vitambaa wakaenda. Shamshad alirudi kusema kwamba mkate hauna ladha yoyote mbaya, na kwamba muuza maziwa ameomba miwili.

Wiki ile hospitali ilifanya hafla, kwani Profesa Langah alikuwa amepandishwa kuwa mkuu wa chuo. Kulikuwa na nyama ya mbuzi, wali wa zafarani, na kapu la mikate iliyonunuliwa Kot Mirwali. Profesa alikula minne. Alipofika kwenye wa mwisho alisifu chumvi yake, akauinua juu wenzake waione ile alama ya dole, akauliza ni nani aliyeuoka.

Wale waandishi wengine kumi na wanne walitazamana. Walifikiri kwa dhati, kila mmoja kwa upande wake, lakini hakuna aliyelikumbuka jina. Rafia alilijua. Alikuwa na mkate mdomoni, akaendelea kutafuna.