Roshani ya Bi Siti

Kila ubao aliopigilia, Anselmi aliugonga mara mbili kwa mpini wa nyundo na kutega sikio. Ubao mzima hulia. Uliooza ndani hunyamaza. Zote kumi na tisa zililia vizuri, na bado hakuwa na raha, maana harufu ya oili chafu ilimganda puani tangu asubuhi, na safari hii hakupaka hata tone.

Safari hii alifanya kazi kwa adabu. Mbao zilikaa bandani miezi miwili, zimetenganishwa kwa vijiti ili upepo upite. Akazipaka dawa, akazirudia ncha mara tatu kwa kuwa maji huanzia pale kuingia, na kati ya ubao na ubao akaacha upenyo wa unene wa msumari ili maji ya mvua yasituame. Kwa roshani ya kuanikia nguo tu, nyuma ya nyumba ya Bi Siti ya ghorofa moja Kariakoo, kulikuwa ni kujitesa.

Alistahili kujitesa. Masika yaliyopita Khalfani, mume wa Bi Siti, alitoka kwenye roshani ya zamani kuanua shuka mvua ilipoanza, ubao ukakatika, akaangukia uani na kufa. Waombolezaji walisema siku yake ilifika. Anselmi naye akatikisa kichwa pamoja nao, mnafiki mkubwa. Yeye ndiye aliyeijenga roshani ile, mbao zikiwa mbichi, akazipaka oili kuuficha ubichi wake ili awahi kazi nyingine Ilala. Oili ikayafungia maji ndani.

Alipoinama kuokota misumari, mtu alikohoa nyuma yake. Kilikuwa kikohozi cha Khalfani, kile cha sigara, kinachokatika katikati. Aligeuka, hakuona mtu. Hofu ilimwingia.

Mlango ukafunguliwa. Bi Siti alitoka amebeba kitu alichokifunga kwenye khanga, na harufu ya oili ikatoka naye. Akafungua. Ilikuwa nusu ya ubao, juu mweusi unang'aa, chini umeoza unamomonyoka. Alisema ulikaa chini ya kitanda chake mwaka mzima.

"Ugonge, fundi."

Anselmi aliugonga. Ubao haukutoa sauti.

"Nilimuuliza marehemu kama zimekauka," Bi Siti alisema. "Akanijibu, Anselmi kasema zimekauka. Nikakungoja uje uniambie mwenyewe."

Anselmi alivua kofia. Alitamani kusema mengi, mvua, haraka, kazi ya Ilala, akayaacha yote.

"Zilikuwa mbichi, Bi Siti. Nilijua."

Bi Siti hakulia wala hakumtukana. Aliufunga tena ule ubao kwenye khanga, taratibu, akamkabidhi mikononi.

"Nenda nao kwako," alisema. "Mimi nimechoka kulala nao."