Samaki Asiye na Taya

Eti nilianguka kwenye bodaboda! Ndivyo mume wangu, Modestus, alivyosema kituoni, na kwa uongo huo Samweli, anayenipeleka shuleni kila asubuhi, akawekwa mahabusu. Samweli hajawahi hata kuniyumbisha. Taya langu alilivunja Modestus kwa ngumi, sebuleni kwetu, akisema nina mdomo sana.

Mama mkwe akaja na uji. "Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu. Huyo kijana atatoka tu." Hata shikamoo sikumpa. Meno yangu yalikuwa yamefungwa kwa nyaya, nanyonya uji kwa mrija, hasira zimenijaa mpaka masikioni. Atatoka tu? Na watoto wake wanakula nini?

Nikaenda kufundisha baiolojia hivyo hivyo, kwa chaki. Somo lilikuwa samaki wa kale. Nikamchora wa mwanzo: kichwa, mkia, tundu la mdomo. Hana taya. Mamilioni ya miaka ananyonya matope, anakula kinachomwangukia. Chaki ikanivunjikia mkononi. Mjinga gani huyu! Halafu nikakumbuka mrija wangu.

Pembeni nikamchora mwenzake aliyekuja baadaye. Mifupa ya mbele ya matamvua, yale anayopumulia, imejikunja, imekuwa taya. Nikaandika kwamba wapo wataalamu wanaosema taya lilimsaidia samaki kuvuta pumzi kwanza, kung'ata kulifuata. Nikayasoma tena maneno yangu mwenyewe.

Kengele ilipolia sikurudi nyumbani. Nilipanda kilima cha Ngara kwa miguu, maana dereva wangu yuko ndani kwa ajili yangu.

Kituoni nikamkuta Modestus kaunta, anapiga soga na afande, anacheka. Afande akaniuliza nilianguka vipi. Modestus akadakia, "Hawezi kuongea, afande. Mimi ndiye mdomo wake."

Mdomo wake! Yeye!

Nikavuta pumzi katikati ya nyaya. Iliuma, jamani, iliuma mpaka machozi yakanitoka. "Sikuanguka," nikasema. "Mwachieni Samweli. Aliyenipiga ni huyu." Udenda ukanichuruzika kidevuni, wala sikuufuta.

"Si unaona, haeleweki," Modestus akasema, lakini kicheko kilikuwa kimemwisha.

Afande akavuta karatasi. "Rudia, mwalimu."

Nikarudia, safari hii nikimtaja Modestus kwa majina yake yote matatu.