Siku Manolis Alipovua Jezi

Kwa miaka minne Lusekelo na Manolis walilala chumba kimoja kila timu iliposafiri. Mmoja Mnyakyusa wa Tukuyu, mwingine Mgiriki wa Patra, wote wachezaji wa mpira wa kikapu katika klabu ndogo ya Stratford, London. Manolis alipofikisha miaka thelathini na saba magoti yalianza kumsumbua, na Lusekelo ndiye aliyemwekea barafu baada ya mechi.

Jumanne moja ya mwezi wa pili Lusekelo alimwona akitoka ofisini kwa mwenye klabu, amevaa koti la suti.

"Vipi, kuna harusi?" alimtania.

"Nimetoka kwa daktari wa meno," Manolis akajibu, akapita haraka.

Daktari wa meno na ofisi ya bosi, wapi na wapi? Wiki mbili baadaye kocha wao, mzee Ian, akafukuzwa kazi. Jumatatu iliyofuata Manolis aliingia ukumbini na filimbi shingoni, akawatangazia kwamba ameacha kucheza na sasa yeye ndiye kocha.

Wenzake walipiga makofi. Lusekelo alipiga mawili, akaacha.

Tangu siku hiyo kila kitu kilimtia shaka. Manolis akiandika kwenye daftari, Lusekelo alihisi ni jina lake. Akicheka na mwenye klabu, alihisi anachekwa yeye. Jumamosi alipowekwa benchi, akawa na uhakika kwamba Manolis ndiye aliyemwangusha Ian, na sasa ni zamu yake.

"Baba Elinaja, umemuuliza mwenyewe?" mkewe Nancy alimuuliza asubuhi, huku akimsuka binti yao Elinaja kabla ya shule.

"Nimuulize nini? Mtu aliyenidanganya mchana kweupe!"

"Basi nenda kwa Ian. Usikae hapa unajitafuna."

Alimkuta Ian nyumbani kwake Kenton, akipunguza matawi ya mawaridi. Mzee alimpa chai, akasema hakuna aliyemchongea. Timu ilikuwa imefungwa mechi tisa, na tangu Krismasi alijua anatafutiwa mrithi.

"Ila Manolis hakunipigia hata simu," aliongeza. "Hilo limeniuma."

Kesho yake Lusekelo aliwahi mazoezini. Manolis alikuwa peke yake, akijaza mipira upepo.

"Siku ile hukwenda kwa daktari wa meno."

Manolis hakukana. "Waliniita wakaniambia Ian anaondoka, nisimwambie mtu. Niliitaka hii kazi, Luse. Magoti yamekwisha, na sijui kitu kingine. Niliogopa nikikuambia, utamwambia Ian."

"Ningemwambia."

"Najua."

"Na benchi?"

"Bega lako. Tangu Januari unarusha mpira huku umeuma meno. Ulidhani sioni?"

Bega lilimuuma kweli, na hakuwa amemwambia mtu, hata Nancy.

Alitibiwa majuma matano. Manolis alimpigia Ian simu mara mbili, Ian hakupokea. Aprili Lusekelo alirudi kikosini, akacheza kwa nguvu zake zote, na kocha akamsifu mbele ya wote. Lakini hamwiti tena Manolis, anamwita kocha. Na kocha akimwambia jambo lolote, hata saa ya basi kuondoka, Lusekelo humuuliza kwanza dereva.