Mpaka Gunia la Nyuzi Liishe

Mimi ni mwepesi wa hasira, sikatai. Wazazi wa mtaani kwetu wanalijua hilo, na bado kila asubuhi wananiletea watoto kumi na mbili hapa sebuleni kwangu, kwa sababu wanajua pia kwamba mtoto akitoka kwa Mwalimu anaweza kushika mkasi bila kumtoboa mwenzake jicho, na anaweza kukaa kimya dakika kumi. Dakika kumi za mtoto wa miaka minne si mchezo. Siri yangu ni uzi.

Mpe mtoto mdogo karatasi, ataichana. Mpe rangi, atakupakia ukuta. Lakini mpe uzi wa sweta na kazi ya vidole, utamwona ametoa ncha ya ulimi na kukunja uso kama hakimu. Tunaanza na vijiti viwili vilivyofungwa katikati, uzi unazungushwa huku na huku mpaka unatokea mraba wa rangi. Kisha wanasesere: unazungusha uzi kwenye kitabu mara arobaini, unauvua, unaufunga shingo, unaukata chini, mtu tayari ana nywele na gauni. Mwisho, kwa wale wazee wa darasa wenye miaka mitano, kufuma kwa vidole. Uzi unapita kwenye vidole vinne vya mkono mmoja, unapita tena juu yake, halafu ule wa chini unavushwa kidole kimoja kimoja kwenda nyuma. Ukirudia hivyo, kamba laini inaota taratibu nyuma ya mkono.

Nyuzi zote zilitoka kwa mdogo wangu. Alikuwa mfumaji wa masweta, na mashine yake ilikaa chumba cha nyuma cha nyumba hii hii. Mabaki yote aliyatia kwenye gunia kwa ajili ya watoto wangu. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo alifuma kinyume na sisi wengine, na vitanzi vyake vililala upande wa pili. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunafuma kamba moja kwa zamu, na mama yetu aliweza kuonyesha kwa kidole nilipoishia mimi na alipoanzia yeye.

Jumatatu moja alilazwa kwa maumivu ya tumbo. Alhamisi alifariki.

Aliacha binti wa miaka mitano ambaye tunamwita Kibonge, kwa sababu alizaliwa mfupi wa mviringo na mpaka leo hajabadilika sana. Baba yake ni dereva wa lori, leo yupo, kesho yuko mpakani, basi mtoto akabaki kwangu, alipokuwa anaishi siku zote. Siku ya msiba wakubwa walijifungia chumbani wakaamua mtoto asiambiwe.

"Ataambiwa akikua," mama yangu alisema. "Kwa sasa semeni amesafiri."

Shemeji aliinamisha kichwa. Kazi ya kusema nikapewa mimi, eti mwalimu anajua lugha ya watoto. Nami, kwa kuwa ulimi hauna mfupa, nikaongeza chumvi. Nilimwambia mtoto kwamba mama yake amesafiri kufuata nyuzi.

Ulionekana uongo mzuri, maana kweli alikuwa anakwenda kufuata nyuzi mara kwa mara, siku tatu, siku nne. Kibonge alifikiri.

"Kwani nyuzi zimeisha?"

"Zinakaribia."

"Zikiisha zote, atarudi?"

Watu walikuwa wananisubiri mlangoni. "Ndiyo," nikasema. "Zikiisha zote, atarudi."

Darasa lilipofunguliwa tena, Kibonge aliketi akaanza kazi. Wenzake humaliza mwanasesere mmoja wakaomba maji, wakaomba chooni, wakaanza kuvutana nywele. Yeye alifuma kamba asubuhi nzima bila kuinua kichwa. Mwanzoni niliona fahari, nikawaambia wengine wamtazame. Wiki ya pili nilimkuta amelikumbatia gunia, analipima kwa mikono.

"Mama Mkubwa, limepungua."

"Limepungua, mwanangu."

"Basi niongeze kasi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku gunia litakapokuwa tupu, mtoto huyu atatazama mlango, na mlangoni hatakuwepo mtu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa inapimwa kwa madonge ya uzi. Nilijaribu kumwambia ukweli, mara mbili. Mara zote mbili niliishia kumuuliza kama ana njaa.

Nikachagua njia ya waoga. Kila siku saa nane mchana, watoto wa watu wakiwa wamekwenda kwao na Kibonge amelala chumba cha mama yake, nilichukua kamba zake nikazifumua. Kamba ya vidole ukivuta uzi wake wa mwisho huachia yote, kazi ya asubuhi nzima inaisha kwa dakika moja. Uzi uliofumuliwa hubaki na mawimbi, kwa hiyo niliulowanisha nikauanika nyuma ya mashuka ili unyooke, kisha nikauviringa na kuusukumia chini kabisa ya gunia. Nilijiona mwizi wa mtoto. Nikajikaza kisabuni, nikaendelea.

Lakini gunia lilizidi kupungua. Kadiri nilivyorudisha, ndivyo lilivyozidi kwenda chini, mpaka nikadhani labda watoto wengine wanabeba uzi mifukoni. Niliwapekua wote mlangoni kama askari. Sikupata kitu zaidi ya kipande cha mkate na kifuniko cha chupa.

Jumatano moja niliinama kufagia chini ya kitanda cha Kibonge, nikatoa kapu. Ndani yake kulikuwa na kamba nyekundu iliyojikunja mara nyingi, ndefu kuliko mtoto wa miaka mitano anavyoweza kufuma kwa mwezi. Niliishika ili nianze kuifumua. Mwanzo wake ulikuwa wa Kibonge: vitanzi vilegevu, vimelala upande ule niliomfundisha. Baada ya urefu wa mkono wangu vikabadilika. Vilikaza, vikawa sawasawa kama meno, na vikalala upande wa pili. Kisha tena vya Kibonge. Kisha tena vile vingine, kwa zamu, mpaka mwisho.

Nilikaa kwenye kiti cha mashine, kisha nikakumbuka ni kiti cha nani, nikainuka.

Mwalimu hutafuta sababu. Kesho yake nilimwita Kibonge, nikampa uzi, nikamwambia afume nimwone. Alivisha uzi mkono wa kushoto akavusha kwa mkono wa kulia, kama nilivyomfundisha. Nikamwambia ageuze. Alijaribu, akajifunga vidole, akacheka.

"Siwezi. Huo mkono wa mama."

"Nani anakusaidia kufuma?"

"Sisaidiwi. Tunagawana tu."

"Wewe na nani?"

Alinitazama kwa huruma, kama tunavyowatazama wagonjwa, akarudi kwenye kazi yake.

Nilimpigia simu shemeji. Nilisikia lori linanguruma.

"Shemeji, njoo tumwambie mtoto. Mambo yamenizidi."

"Mwambie wewe tu, shemeji. Mimi nikimwangalia usoni nashindwa hata kula."

Nikampigia mama. "Umechoka, binti yangu," alisema. "Mtoto anacheza na uzi, wewe unaona mazimwi. Pumzika." Wahenga hawakukosea, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Niliikata simu kabla sijamkosea adabu mzazi.

Mchana ule niliweka kiti kwenye ujia, karibu na mlango wa chumba cha nyuma. Jua lilikuwa kali na bati lilikuwa linalia kwa joto juu yangu. Sikusikia sauti ya mtu. Nilisikia uzi. Ni sauti ndogo ya uzi ukipita juu ya ngozi, wewe usingeisikia, ila mimi nimekua nayo. Zilikuwa mbili. Moja ilikwenda polepole na kusimama kila baada ya muda. Nyingine ilikuwa ya haraka, ya mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote.

Kisha ile ya haraka ikanyamaza, nikajua amejua kwamba niko mlangoni.

Niliogopa. Lakini nitasema kweli, nilikasirika pia. Nilimkasirikia marehemu. Mimi ndiye niliyemwosha, ndiye ninayemlisha na kumlaza mtoto wake, halafu ananifanyia haraka gunia liishe, aniumbue.

"Unataka nini?" nilinong'ona kwenye tundu la funguo. "Nimlee vipi zaidi ya hivi?"

Ile sauti ya haraka ikaanza tena, na sasa ilikimbia.

Nilifungua mlango. Kibonge alikuwa ameketi kitandani peke yake, uzi mkononi. Pembeni yake godoro lilikuwa limebonyea, na nikiwa natazama kile kibonyeo kikapanda polepole, mpaka shuka likawa sawa.

Tangu siku hiyo sikufumua tena. Msinisifu, haukuwa ujasiri. Nilikuwa naogopa kuzigusa zile kamba.

Ijumaa ya wiki iliyofuata likabaki donge moja la buluu, dogo kama ndimu. Watoto walichukuliwa na wazazi wao, nikafunga mlango wa mbele. Kibonge alilikunja gunia mara nne, akaliweka pembeni, akaketi juu ya mkeka. Nami nikaketi kochini, nikalitazama lile donge likizunguka sakafuni na kupungua. Duka la nyuzi liko mtaa wa pili. Nilisimama nikachukua mkoba.

"Usilete zingine, Mama Mkubwa," alisema, bila kuinua macho.

Nikaurudisha mkoba, nikakaa chini.

Uzi wa mwisho ulitoka kwenye sakafu, ukapanda, ukapita kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Ukaisha. Siku zote nilikuwa nimejiandaa kwamba atatazama mlango. Hakuutazama. Alinitazama mimi, akasubiri.

Nikasema. Sijui nilianzia wapi. "Kibonge, mama hakusafiri. Mama aliumwa, tukampeleka hospitali, wakashindwa kumponya. Mama amekufa, mwanangu. Hatarudi. Mimi nilikudanganya."

Nilingoja kilio. Yeye akaivua kamba vidoleni taratibu, kitanzi baada ya kitanzi, akaiweka mkekani.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu tulipoanza kugawana. Mama aliniambia. Akasema nisikuulize, nyuzi zikiisha utasema mwenyewe."

Nilisikia aibu, halafu chini ya aibu nikasikia kitu kama kupumua baada ya muda mrefu.

"Na akasema ukishasema, nikupe pole."

Alisimama, akaipangusa mikono yake kwenye gauni. Akaja mbele yangu akaninyooshea mkono, kama alivyowaona watu wazima wakifanya mlangoni petu siku ya msiba, mmoja baada ya mwingine.

"Pole, Mama Mkubwa," akasema. "Pole kwa kufiwa na mdogo wako."

Nyumba hii ilikuwa imejaa pole. Nilipewa mimi, alipewa mama yangu, alipewa shemeji, hata majirani walipeana wao kwa wao. Mtoto alipita katikati ya miguu yetu siku tatu nzima, akitafuta viatu vyake, akiomba chai, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinama.

Nilipiga magoti ili tulingane. Niliushika mkono wake mdogo kwa mikono yangu miwili.

"Pole na wewe, mwanangu," nikamwambia. "Pole kwa kufiwa na mama."

Ndipo alipolia.